Kinga na Mzigo wa Urithi Mmoja: Malaria, Selimundu na Familia za Mchombe

Matini ya mada ya elimu ya afya iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya vijiji na vitongoji vya Kata ya Mchombe



Katika Bonde la Kilombero hakuna mzazi anayehitaji kuelezwa malaria ni nini. Mtoto akichemka jioni, neno la kwanza linalotajwa nyumbani ni hilo. Hata hivyo, lipo swali ambalo wazazi wengi hujiuliza na mara chache hupatiwa jibu. Kwa nini watoto wawili wa tumbo moja, wanaolala chumba kimoja na kuumwa na mbu walewale, mmoja augue na kupona kwa dawa, na mwingine azidiwe hadi kuongezewa damu? Na kwa nini katika familia nyingine mtoto mmoja adhoofike tangu akiwa na miezi michache, akilia kwa maumivu ya mikono na miguu, macho yakiwa ya njano, ilhali ndugu zake ni wazima?

Maswali hayo mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yana sehemu moja ya jibu, nayo imo ndani ya damu ambayo kila mtoto huirithi kwa wazazi wake wote wawili. Mada hii inaeleza urithi huo: jinsi unavyoweza kumkinga mtu, jinsi unavyoweza kumdhuru, na hatua ambazo familia inaweza kuchukua mapema ili asipotee mtoto ambaye angeweza kuishi.

Urithi ulioandikwa katika mwili

Kila mwili wa binadamu hujengwa kwa maelekezo yaitwayo vinasaba. Maelekezo hayo ndiyo yanayoamua rangi ya macho, kundi la damu na namna chembe nyekundu za damu zinavyotengenezwa. Kwa sehemu kubwa ya vinasaba hivyo, mtu hupokea nakala mbili: moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jumla ya maelekezo yote ya mtu mmoja wataalamu huiita jenomu.

Elimu ya jenomu ya jamii huchunguza maelekezo hayo kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Watafiti hulinganisha damu ya watoto waliolazwa kwa malaria kali na damu ya watoto wa maeneo hayohayo ambao hawakuugua hivyo, kisha hutafuta tofauti zinazojirudia. Pale ambapo tofauti fulani inaonekana mara chache kwa waliozidiwa na mara nyingi kwa waliosalimika, hapo ndipo wanapopata fununu kwamba mwili umerithi kinga.

Mkulima wa mpunga analifahamu jambo hili kwa njia yake. Shamba likifurikwa maji kwa siku nyingi, baadhi ya miche hufa na mingine husimama. Mbegu za msimu unaofuata hutoka katika ile iliyosimama. Mafuriko yakijirudia mwaka hadi mwaka, sehemu kubwa ya shamba huwa na mbegu zinazostahimili maji, ingawa hakuna aliyekaa kuzichagua. Malaria imefanya kazi kama hiyo katika damu ya watu wa nchi zenye joto kwa maelfu ya miaka. Watoto waliorithi damu iliyowasumbua vimelea walipona, wakakua, wakazaa, na urithi wao ukaendelea kuenea.

Bonde lenye historia ndefu ya malaria

Mchombe ipo katika nchi inayofaa mno kwa mbu: kandokando ya Milima ya Udzungwa, na mbele yake mbuga pana ambayo Mto Kilombero huifurikia wakati wa masika. Maji yanayoleta rutuba ya mpunga ndiyo hayohayo yanayotoa mazalia ya mbu. Katika kijiji cha Namawala, ndani ya bonde hili, utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikadiria kuwa mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Hicho ni wastani wa karibu mara moja kila usiku.

Ni kwa sababu ya hali hiyo bonde hili limekuwa mahali pa utafiti kwa zaidi ya nusu karne. Mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara ya nyanjani iliyoanzishwa baada ya hapo ndiyo iliyokua hatimaye kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayofahamika leo. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu mbu, vyandarua na malaria ya watoto yametokana na ushirikiano wa wananchi wa Kilombero na Ulanga.

Wakati Geigy akiingia Ifakara, kijana mwingine aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa akizunguka Afrika Mashariki akikusanya sampuli za damu. Mwaka huohuo wa 1949 alibaini jambo lililomshangaza. Watu waliobeba kinasaba cha selimundu walikuwa wengi kwenye pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya kinasaba hicho ilikaribia kulingana na ramani ya malaria.

Allison alipochunguza watoto 290 nchini Uganda, alikuta kwamba kati ya watoto 43 waliobeba kinasaba hicho, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Kati ya watoto 247 wasiokuwa nacho, wenye vimelea walikuwa 113. Kwa maneno mengine, ilikuwa takriban 28 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na takriban 46 katika kila 100 kwa kundi la pili. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1954. Ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuacha alama katika urithi wa binadamu.

Nakala moja hukinga, nakala mbili huumiza

Jina selimundu linaeleweka kwa urahisi kwa yeyote aliyewahi kuvuna mpunga. Chembe nyekundu ya damu iliyo salama ni ya duara na laini, hupita bila shida katika mishipa myembamba. Ndani yake mna himoglobini, ambayo hubeba hewa ya oksijeni. Badiliko la herufi moja tu katika kinasaba cha himoglobini huifanya chembe hiyo, inapopungukiwa na oksijeni, ijikunje na kuwa na umbo la mundu.

Mtu aliyerithi nakala moja ya badiliko hilo na nakala nyingine iliyo ya kawaida huitwa mbebaji. Kwa kawaida mbebaji si mgonjwa. Hulima, husoma, huzaa na kuzeeka kama wengine, na wengi hawajui kamwe kwamba wamebeba. Kimelea cha malaria kinapoingia katika chembe za damu yake hakikui vizuri, na chembe zilizoshambuliwa huondolewa mapema na mwili. Utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionesha kuwa kwa watoto wabebaji malaria ya kawaida hupungua kwa takriban nusu, na malaria kali inayotishia uhai hupungua kwa karibu asilimia 90.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya urithi huu. Sura ya pili ni ya mtoto aliyerithi nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Huyu ana ugonjwa wa selimundu. Chembe zake hufa upesi, naye hupungukiwa na damu. Chembe zilizojikunja huziba mishipa midogo, naye hupata maumivu makali. Bandama, kiungo kinachosaidia kusafisha damu na kupambana na vijidudu, huharibika mapema, naye hubaki bila mlinzi.

Hapa pana jambo ambalo wananchi wengi hulielewa kinyume. Kwa kuwa mbebaji hukingwa dhidi ya malaria kali, baadhi hudhani kwamba mwenye ugonjwa wa selimundu amekingwa zaidi. Sivyo. Uchunguzi uliofanywa na Profesa Julie Makani na wenzake katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionesha kuwa wagonjwa wa selimundu hawakukutwa na vimelea mara nyingi kama watu wengine, lakini walipopata malaria na kulazwa, hatari ya kuishiwa damu na kufa ilikuwa kubwa. Chandarua ambacho kwa mtoto mwingine ni kinga ya kawaida, kwa mtoto huyu ni suala la uhai.

Wala malaria si adui wake pekee. Utafiti mwingine wa Kilifi, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kuwa watoto wenye selimundu hushambuliwa mno na bakteria wanaoingia katika damu, hususan wale wa nimonia. Kwa hiyo homa ya mtoto mwenye selimundu haipaswi kusubiri asubuhi.

Kwa nini jambo hili linaihusu kata hii

Inakadiriwa kuwa katika Tanzania, kati ya kila watu 100, 13 hadi 20 wamebeba kinasaba cha selimundu, ingawa idadi hutofautiana mahali hadi mahali. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Barani Afrika, inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huo hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao bila ugonjwa kutambuliwa. Kaburi huchimbwa, na familia hubaki ikiamini kwamba ilikuwa malaria tu, au degedege, au mkono wa mtu.

Maneno haya yasemwe kwa upole, lakini yasemwe. Mtoto anapougua mara kwa mara pasipo maelezo, lawama hutafuta pa kutua. Mara nyingi humwangukia mama. Huambiwa ukoo wao una mkosi, au amekiuka mwiko, na wapo wanawake waliorudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni. Sayansi ya urithi inaifuta lawama hiyo kabisa. Mtoto hawezi kuwa na ugonjwa wa selimundu kwa urithi wa mama peke yake. Amepokea nakala moja kwa mama na nakala moja kwa baba, na wazazi wote wawili hawakuchagua walichokibeba, kama wao pia walivyokipokea bila kuchagua.

Vivyo hivyo, urithi huu si wa kabila moja. Bonde hili limewapokea Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wangindo, Wasukuma na wengine wengi waliokuja kulima, kufuga, au waliofika kwa reli ya TAZARA. Ni kweli kwamba kinasaba cha selimundu kwa kawaida ni adimu zaidi kwa jamii zilizoishi kwa vizazi vingi nyanda za juu zisizo na malaria nyingi. Lakini watu wameoana na kuhama kwa karne nyingi, na hakuna anayeweza kuutambua urithi wa mtu kwa jina la ukoo, lugha ya nyumbani wala sura. Kinachotambua ni kipimo cha damu.

Robo moja katika kila mimba

Wazazi wawili wanapokuwa wabebaji wote, kila mimba ina nafasi nne zilizo sawa. Moja ni ya mtoto asiyebeba chochote. Mbili ni za mtoto mbebaji. Moja ni ya mtoto mwenye ugonjwa. Iwapo mzazi mmoja tu ndiye mbebaji na mwenzake hana badiliko lolote, hakuna mtoto wao atakayepata selimundu yenye nakala mbili.

Maneno “kila mimba” yanapaswa kuzingatiwa. Baadhi ya wazazi waliompata mtoto mgonjwa hujifariji kwamba wamemaliza fungu lao, na kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Urithi haufanyi hesabu ya namna hiyo. Anayechota punje kutoka kwenye gunia lenye mbegu mchanganyiko, akairudisha na kuchota tena, hawezi kuliamuru gunia likumbuke punje ya kwanza. Zipo familia zenye watoto wanne wazima na zipo zenye watoto watatu wagonjwa, na zote zilianza na wazazi wabebaji.

Hakuna sheria inayowazuia wabebaji wawili kuoana, wala mada hii haiwashauri vijana kuvunja uchumba. Kinachoshauriwa ni kupima kabla ya ndoa au kabla ya mimba, kisha wahusika waamue wakiwa wanajua. Viongozi wa dini, ambao vijana huwafuata kwa mafundisho ya ndoa, wana nafasi ya pekee ya kulitaja jambo hili mapema, kabla ya siku ya harusi kupangwa.

Urithi mwingine unaogusa malaria

Selimundu ni mfano unaojulikana zaidi, lakini si wa pekee. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa jenomu za watu wapatao 17,000 kutoka nchi 11, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walithibitisha maeneo machache ya jenomu yanayohusiana na malaria kali. Mojawapo ni kinasaba cha himoglobini kilichokwisha kuelezwa. Jingine ni kinasaba cha makundi ya damu: watu wa kundi O huwa na nafuu fulani dhidi ya malaria kali wakilinganishwa na wa makundi mengine. Lipo pia badiliko linalohusiana na kundi adimu la damu liitwalo Dantu, linalopatikana zaidi upande huu wa Afrika Mashariki. Utafiti wa mwaka 2017 ulionesha kuwa hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40, na mwaka 2020 ikafahamika kuwa utando wa chembe za damu yenye Dantu hukaza zaidi, hivyo kimelea hupata shida kuupenya.

Urithi mwingine unahusu dawa. Baadhi ya watu, wanaume hasa, huzaliwa na upungufu wa kimeng’enya kinachoitwa G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo nao umehusishwa na kinga dhidi ya malaria, na mwenye nao huweza kuishi miaka mingi bila kujua. Lakini akitumia dawa fulani, kama primakwini au zenye dapsoni, chembe zake za damu huweza kupasuka kwa wingi. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Mwananchi apate somo hapa: dawa iliyomponya jirani inaweza kumdhuru mwingine, na vidonge vilivyobaki kabatini si zawadi ya kugawiana. Mtu akimeza dawa kisha mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito, au macho yakawa ya njano, arejee kwa mtoa huduma siku hiyohiyo.

Mpaka wa kinga ya kurithi

Baada ya kusikia habari za kinga, mtu anaweza kuhitimisha kuwa akipimwa na kukutwa ni mbebaji, chandarua hakimhusu tena. Huo ni upotofu wa hatari. Mbebaji huugua malaria. Mbebaji mjamzito na mimba yake huhitaji kinga ya malaria kama wajawazito wengine. Mbebaji hubeba vimelea ambavyo mbu huvichukua na kumpelekea mtoto wa jirani asiye na kinga yoyote.

Zaidi ya hayo, urithi wote kwa pamoja ni sehemu tu ya habari. Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2005, uliolinganisha ndugu na majirani, ulikadiria kuwa takriban robo ya tofauti za kuugua malaria baina ya watoto hutokana na urithi, na kwamba mchango wa selimundu peke yake ni mdogo sana ndani ya robo hiyo. Sehemu nyingine kubwa ilitokana na kaya: nyumba ilivyojengwa, mahali ilipo na namna watu wanavyoishi ndani yake. Vimelea navyo havikukaa kimya. Mwaka 2022 ilichapishwa taarifa kutoka Gambia na Kenya kwamba baadhi ya vimelea vya malaria vimepata mabadiliko yanayoviwezesha kuwashambulia hata wabebaji wa selimundu.

Kwa upande mwingine, bonde hili limeonesha linaloweza kufanywa na mikono ya watu. Mpango wa vyandarua vyenye viuatilifu ulioanza Kilombero na Ulanga mwaka 1997 ulifuatiliwa kwa makini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kuwa vyandarua hivyo viliongeza kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Vizazi vingi vilipita ndipo kinga ya damu ikaenea. Chandarua kilifanya kazi yake ndani ya miaka michache, tena kikamkinga aliyerithi na asiyerithi.

Jambo la kufanya nyumbani

Mzazi awe macho kwa dalili hizi: mikono na miguu ya mtoto mchanga kuvimba na kuuma, ngozi, viganja na midomo kupauka, macho kuwa ya njano, tumbo kujaa upande wa kushoto kwa sababu ya bandama, kuongezewa damu zaidi ya mara moja, au kilio cha maumivu ya mifupa kinachokuja na kuondoka. Dalili hizi kwa kawaida hazionekani katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa mtoto huzaliwa na aina ya himoglobini inayomlinda kwa muda. Mara nyingi huanza baada ya miezi sita. Mtoto aliyezaliwa mwenye afya njema anaweza kuwa na ugonjwa huu.

Mwenye mashaka aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na aseme wazi kwamba anaomba mtoto achunguzwe selimundu. Pale ambapo kipimo hakipo, aombe rufaa. Familia ambayo imewahi kupata mtoto mwenye selimundu inashauriwa kuwapima ndugu wote waliobaki, pamoja na mtoto mchanga atakayefuata, bila kusubiri dalili.

Mtoto aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa huu anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Kinachohitajika ni kliniki ya mara kwa mara. Chanjo zote kwa wakati, ikiwamo ile ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013. Dawa za kuzuia maambukizi kama daktari atakavyoagiza. Kinga ya malaria. Maji ya kunywa ya kutosha. Na kujikinga na baridi kali. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maumivu, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo, na hata malaria ilipungua. Ni dawa ya kutumiwa chini ya uangalizi wa daktari pekee.

Msimu wa kilimo unahitaji uangalifu wa ziada. Familia nyingi huhamia katika vibanda vya mashambani kwa wiki au miezi kadhaa, mbali na zahanati, katikati ya mazalia ya mbu. Watafiti wameshaeleza hatari hiyo katika bonde hili. Chandarua kisibaki kijijini kikining’inia juu ya kitanda kitupu; kifungwe pamoja na mizigo ya kwanza. Na mwenye mtoto wa selimundu apange kabla ya kuondoka: ni nani atakayembeba mtoto homa ikipanda usiku, kwa chombo gani, na kwenda wapi.

Damu inapotolewa kwa utafiti

Kwa kuwa bonde hili ni la utafiti, mwananchi anaweza kuombwa tone la damu kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Yote yaliyoelezwa katika mada hii yamepatikana kwa sababu watu wa kawaida walikubali kutoa damu yao na ya watoto wao. Hata hivyo, kukubali ni hiari. Utafiti halali huwa na kibali cha kamati ya maadili, na mtafiti anawajibika kueleza kwa lugha inayoeleweka damu itapelekwa wapi, itachunguzwa nini na itahifadhiwa kwa muda gani. Mwananchi ana haki ya kuuliza, kukataa, au kujitoa baadaye, pasipo kunyimwa matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za kinasaba miongoni mwa taarifa nyeti. Majibu ya kipimo cha mtu si mazungumzo ya kisimani wala ya kijiweni.

Ndugu wananchi, urithi unaozungumzwa hapa uliwasaidia mababu kuishi katika nchi hizi za mito na mbu kabla ya kuwapo dawa wala chandarua. Katika kila kizazi, gharama ya kinga hiyo imelipwa na watoto wachache waliopokea nakala mbili. Kizazi cha sasa ni cha kwanza ambacho kinaweza kuwatambua watoto hao wakiwa wachanga na kuwaweka hai. Kipimo ni tone la damu. Mzazi asilipe deni la kutojua kwa uhai wa mtoto.